Nahodha Anakufa

Kinyozi alimwambia shemeji yake kwamba nahodha anakufa. Filamu ya sita ya wale wasafiri wa nyota ilikuwa imetoka juzi tu, na shemeji alikuwa na tiketi ya kesho. Tena alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado msitu.

"Anakufa?" Shemeji aliizuia mashine kwa mkono. "Miaka mitatu nasubiri, mpaka matangazo yake nayafumbia macho, wewe unaniambia anakufa?"

"Usijali, shemeji. Anakufa vizuri."

Wateja watatu waliokuwa benchini walisimama wakiwa wameziba masikio. "Mdomo huo hauna kufuli," mmoja alisema. "Tuondoke kabla hajamtaja muuaji."

"Muuaji si mtu, jamani, ni roboti lake tu!" kinyozi alisema, akidhani anawatuliza.

Walipiga yowe kana kwamba sikio la mtu limekatwa, wakatoka. Shemeji naye akatoka na nusu kichwa chake, shuka la kunyolea likipepea mgongoni, huku akimpigia simu dada yake.

Kinyozi aliporudi nyumbani, alimkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Nahodha kufa si neno," mkewe alisema. "Ila tuliahidiana kwenda sinema pamoja kesho, mume wangu. Wewe umeiona lini?"

Siku ile kinyozi alipoteza vichwa vitatu na nusu, shuka moja, na nafasi yake kitandani kwa wiki nzima.