Katibu wa Misiba

Mara tatu Nkatha alikuwa amemwonya muumini mwenzake Cyrus, katibu wa kamati ya misiba kanisani kwao Brooklyn Center, Marekani: usifungue faili lililotumwa kwa barua pepe kabla ya kumpigia simu aliyelituma. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Sasa kompyuta yake ilijaa virusi, na za waumini wote aliowasambazia faili hilo.

"Ilikuwa tanzia," alijitetea. "Mtu anaachaje tanzia bila kuifungua?"

Nkatha alisonya. "Tanzia ya nani?"

Cyrus alimnyooshea simu yake. Nkatha akausoma ule ujumbe. Marehemu alikuwa Cyrus, kwa majina yake yote matatu.

Chini ya ujumbe huo, rambirambi ya kwanza ilitoka kwa Cyrus mwenyewe: "Poleni sana. Mazishi ni lini?"