Kesi ya Udongo wa Wamaza

Mwaka 1951 baraza la sultani huko Wamaza lilikuwa na waamuzi watatu, na kati yao Bulaimu ndiye aliyeshika kiti cha mbele kila sultani alipokuwa safarini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu, wazazi wake walitoka Kasongo. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuwa na haraka ya kujibu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameamua kesi za mbuzi walioingia mashambani, za ndoa zilizovunjika, za watu waliotukanana sokoni. Hakuwahi kukataa kesi hata moja, mpaka Mama Apolline alipoleta ya udongo.

Apolline alikuwa mfinyanzi. Yeye na wanawake wengine sita walichimba udongo kwenye ukingo wa kijito chini ya kijiji, palepale walipochimba mama zao. Msimu ule Zéphirin, mdogo wake sultani, alilima pamba mpaka karibu na maji, akasimika ua wa miti, akafunga njia. Walipomuuliza, alisema serikali inataka pamba, haijaomba vyungu.

Siku Apolline alipofika barazani sultani hakuwepo. Bulaimu alisikiliza kidogo, kisha akainua mkono kumnyamazisha.

"Mama, neno hili si la baraza letu."

"Iko la baraza gani, baba?"

"Udongo wa kijitoni hauna mwenyewe. Mutu hawezi kushitaki kwa kitu ambacho si chake."

"Kama hauna mwenyewe, Zéphirin alipata wapi ruhusa ya kuufungia?"

Bulaimu akamwambia Grégoire, karani wa baraza, aandike kwamba kesi imekataliwa kwa kuwa baraza halina mamlaka. Grégoire akaandika. Apolline aliomba asomewe yaliyoandikwa. Akasomewa mara mbili, akayarudia kwa midomo bila kutoa sauti, akaenda zake.

Bulaimu alijua kwamba alichosema si kweli. Baraza lilikuwa limekwisha kuamua kesi za visima na za njia, hata moja ya mzinga wa nyuki uliotundikwa kwenye mti wa porini. Lakini sultani ndiye aliyemweka kwenye kiti kile, na sultani angeweza kumwondoa. Alijiambia kwamba wanawake watapata udongo mahali pengine. Mkewe, Aziza, alikuwa akipepeta mchele alipomwuliza.

"Mumemukatalia Apolline?"

"Kesi yake haikuwa ya kwetu."

Aziza aliendelea kupepeta.

Apolline alikwenda Kabambare kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Alingoja siku nne nje ya ofisi, maana bwana wa teritwari, Mzungu aliyesimamia mabaraza ya masultani, alikuwa amekwenda upande wa Salamabila. Alipoitwa ndani hakuomba apewe udongo wake. Alisema baraza la kwao limekataa kumsikiliza, naye anataka kusikilizwa, basi. Hayo Bulaimu aliyapata baadaye, kwa polisi aliyeleta barua.

Barua ilifika baada ya majuma matano, siku ya baraza, sultani akiwa amekaa mahali pake. Ilikuwa imepigwa kwa mashine, ina muhuri chini. Grégoire alisimama akaisoma: baraza la Wamaza limekosa kwa kukataa kesi ya mwanamke Apolline. Neno la njia na la udongo limo ndani ya mamlaka yake. Likae, lisikilize pande zote mbili, litoe hukumu kabla ya mwezi kwisha. Hukumu iwe ipi, hiyo ni kazi ya waamuzi wenyewe.

Bulaimu alihisi uso wake unawaka. Alikuwa amesahihishwa mbele ya watu, umri wake ule. Lakini chini ya aibu palikuwa na kitu chepesi: sasa angekaa kwa amri, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukaa.

"Soma tena pale mwisho," sultani alisema.

Grégoire alisoma tena.

"Basi haisemi nani ashinde."

"Haisemi, Sultani."

"Vizuri. Mimi ni ndugu ya Zéphirin, sitakaa kwa kesi hii." Akamgeukia Bulaimu, akasema kwa upole kabisa, "Wewe unajua la kufanya."

Ule wepesi ukamtoka papo hapo. Mara ya kwanza alikuwa na pa kujificha. Safari hii kila neno atakalolitoa lingeandikwa kwa jina lake.

Kesi ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza wazee wanne walisema wanawake walichimba pale tangu wao wenyewe wakiwa wadogo, na wa tano akasema hakumbuki. Siku ya pili Bulaimu aliwapeleka wote kijitoni. Zéphirin alitangulia, akaonyesha mistari ya pamba iliyonyooka vizuri. Ilikuwa kazi safi, na Bulaimu hakuweza kukana. Apolline alipita chini ya ua, akaingia matopeni mpaka kwenye vifundo vya miguu, akarudi na madonge mawili.

"Huu wa juu una mchanga, chungu kinapasuka motoni. Wa chini ndio wetu."

Bulaimu aliyafinya yote mawili. Hata yeye aliijua tofauti. Akaanza kupima kwa hatua kutoka kwenye maji.

"Unapima shamba langu, Baba Bulaimu?" Zéphirin aliuliza. "Uliamriwa kukaa. Hukuamriwa nishindwe."

"Kweli. Hilo halimo kwenye barua."

Aliendelea kuhesabu hatua zake.

Hukumu aliitoa alasiri. Zéphirin afungue njia, upana wa pima moja. Ukingo wa chini, hatua ishirini kutoka majini, uwe wa kuchimbwa na wafinyanzi, asilime mtu pale. Pamba iliyokwisha kupandwa huko ibaki mpaka ivunwe. Ukingo wa juu ni wa Zéphirin.

Kwenye ukingo wa juu kulikuwa na shimo la mama yake Apolline, lililochimbwa kupita mchanga mpaka kwenye udongo mzuri.

"Mumenipa nusu," Apolline alisema.

"Nimekupa ile niliyoona."

Hakushukuru. Zéphirin naye aliondoka bila kuaga, na ua ukakaa juma zima zaidi, mpaka kapita wawili, wanyapara wa kijiji, walipoung'oa. Ilipofika Januari, Grégoire alisoma orodha ya waamuzi wa mwaka mpya, na jina la Bulaimu halikuwemo. Hakuna aliyetoa sababu. Bulaimu alikunja mkeka wake wa kusalia, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

Apolline alipata habari, akaja kusimama mlangoni.

"Kabambare si mbali, baba. Mimi njia nimeishaizoea."

"Sultani ana haki ya kuchagua waamuzi wake, mama. Hiyo si kesi."

"Una hakika?"

Alifikiri sana, kama alivyozoea barazani.

"Nina hakika," akasema, na safari hii ilikuwa kweli. Aziza akamletea mgeni kiti.