Lango la Nne la Bi Yun

Siku ya kutia kabichi chumvi, mama mkwe alisimama barazani akaita, "Yun! Leta beseni!" Wakaitika wanne. Mmoja alikuwa mkamwana wake, aliyefiwa na mume wakati wa mavuno. Watatu walikuwa marehemu, waliokuja kutoka kwenye malango yao mekundu mwanzo wa kijiji, kama kila mwaka kabichi zilipokuwa nyingi. Mama mkwe akawapa visu.

Wanaume wa kijiji hicho, Songgok, huoa kwa akina Yun, na bibi harusi akishaingia haitwi tena jina la utotoni. Wale watatu walikuwa wajane waliowafuata waume zao kaburini, na mfalme akamjengea kila mmoja lango la sifa lenye maneno yaleyale: Yun, mke mwaminifu. Wageni hushuka farasi wakayainamia. Kwa heshima hiyo wanaume wa ukoo hawachukuliwi kujenga ngome. Yaani wajane walikufa, mashemeji wakapumzika. Lakini lango la mwisho lilikuwa la zamani, heshima yake ilishaanza kufifia, na mwaka huo mjumbe wa wilaya alianza kuulizia vijana wenye nguvu.

"Mdogo wangu, hiyo kabichi au unazika samaki?" alisema marehemu mkubwa, mwenye lango la kwanza, aliyekufa kijana kuliko wote. "Punguza chumvi."

Mkamwana akacheka, kisha akauliza, "Nyie mlitaka wenyewe?"

"Nani alituuliza?"

"Mimi nilishikwa na tumbo tu," alisema wa tatu. "Wakaandika walichotaka."

Marehemu wakanawa mikono, wakaenda uani, ambako baba mkwe, Mzee Ryu, alikuwa akisimamia fundi anayechonga nguzo za msonobari. Wakapiga magoti wote watatu. "Mwache huyu mtoto aishi," walisema. "Sisi hatukupenda."

Mzee Ryu ni mtu wa adabu. Aliwainamia mpaka kipaji cha uso kikagusa ardhi. "Bibi zangu, poleni. Nimewasikia, na mmesema kweli." Akaagiza waletewe keki za mchele, wakala. Halafu akamgeukia fundi. "Rangi iwe imekauka kabla ya theluji."

Jioni alimwambia mkamwana, "Mwanangu, hakuna anayekulazimisha." Nyumba nzima ilikuwa pole kwake siku hizo. Alipewa kipande kizuri cha nyama. Wanawake wenzake waligawiwa kitambaa cha kushona nguo za masika, yeye akarukwa, na hapo akaelewa. Aliogopa sana.

Alirudi kwenye mitungi, akawaambia marehemu, "Nyumbani kwetu naitwa Gopdan. Nishikieni." Wakalirudia jina hilo huku wakishindilia kabichi, mpaka mtungi wa mwisho ukafunikwa.

Theluji ilipoanguka, rangi ilikuwa imekauka.

Mwaka uliofuata kabichi zilistawi, na wanaume wote walikuwapo kuzibeba. Mama mkwe alisimama barazani akaita, "Yun! Leta beseni!" Wakaitika wanne, wote kutoka upande wa malango. Akawapa visu. Yule mgeni miongoni mwao alikata kidogo, akasita, akawauliza wenzake lile jina alilowaachia lilikuwa lipi.

Walijaribu kulikumbuka, mikono ikiendelea na kazi.

"Lilikuwa zuri," alisema yule mkubwa. "Punguza chumvi."