Asilimia kwa Neno

Mkuu wa chuo alikuwa na kitabu cha kurasa mia tatu ambacho hakuwahi kukisoma, ingawa ndiye aliyekiandika. Kazi ya kukipanga alimtwika mpanga kurasa wa chuo, mama mmoja mpole wa uso, mkali wa kalamu, waliyemwita Mama Nukta.

Mama Nukta alikipanga kikapangika: kila sura na faili lake, kila kichwa na jedwali na amri yake ya kompyuta. Alipotaka kujiwekea kumbukumbu alitanguliza alama ya asilimia, kwani kompyuta ikiiona alama hiyo huruka maneno yanayofuata kwenye mstari, haiyachapi. Humo ndimo alimotolea dukuduku lake. "% Takwimu hizi kazitoa kichwani." "% Aya hii haina maana, nimeipamba tu."

Alichotaka ni kimoja tu: jina lake kwenye ukurasa wa shukrani.

"Shukrani ni za watu waliochangia mawazo, dada yangu," Mkuu alimjibu. "Wewe umepanga tu."

Kisha, ili naye aonekane anajua, akayafungua mafaili mwenyewe. Akaona alama za asilimia zimetapakaa kila mahali, akaguna. Kitabu cha msomi kinaandikwa kama risiti ya duka? Akaiamuru kompyuta igeuze kila alama iwe neno "asilimia", akakipeleka kiwandani kuchapwa bila kutazama nyuma. Ujuaji mwingi, mbele giza.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alivaa miwani, akafungua katikati, akasoma kwa sauti: "Asilimia takwimu hizi kazitoa kichwani." Akafunua tena. "Asilimia aya hii haina maana, nimeipamba tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kule nyuma, Mama Nukta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Siyo mimi!" Mkuu akapayuka, jasho likimtiririka, kidole kikimwelekea Mama Nukta. "Kaandika yule! Hiki kitabu kaandika yeye!"

"Chote?" mgeni rasmi akauliza.

Mama Nukta akasimama. Alinyimwa shukrani, sasa anatunukiwa kitabu kizima mbele ya kamera! Aliona raha, na hasira pia.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Sura ya nne siyo yangu, wala siyo yake. Ni ya yule mwanafunzi ambaye Mkuu alimfukuza mwaka jana, kwa kosa la kunakili kazi za watu."