Mkono Usiovimba

Mkono wa mwanangu Wegesa haukuvimba, na mama mkwe wangu akaanza kufungasha vyombo.

"Twende nyumbani," alisema. "Mkono iko safi. Kifua kikuu hana. Mwanangu Mniko amenituma niwachukue, siyo nije kushangaa ukuta wa hospitali."

Tulikuwa Musoma, mwaka 1984, wakati wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni za sukari. Hospitalini filamu za kupigia picha ya kifua zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyejua zingekuja lini. Kilichobaki ni kile kipimo cha ngozi: mtoto anadungwa dawa kidogo mkononi, na mkono ukivimba baada ya siku mbili tatu, basi mwili wake umeshakutana na kifua kikuu. Wa Wegesa ulibaki laini, mwembamba kama mwiko. Alikuwa na miaka minne, akikohoa na kukonda, nami nilimbeba kama nimebeba nguo zake tu.

Dakta Leodgar hakuufurahia ulaini huo. "Ndani ya mwili kuna walinzi," aliniambia. "Kazi yao ni kumeza wadudu na kuwasaga. Mdudu wa kifua kikuu anakubali kumezwa. Akishaingia tumboni mwa mlinzi anazuia asisagwe, anakaa humo, anakula, anazaana. Walinzi wengine wakipita wanamwona mwenzao tu."

"Na kipimo je, Dakta?"

"Kipimo hakimwoni mdudu. Kinawauliza walinzi kama wamewahi kupambana naye. Walinzi wa huyu mtoto wana njaa, mama. Hawana nguvu ya kupiga yowe."

Nilimwelewa upesi. Kijijini kwetu, upande wa Butiama, ng'ombe waliwahi kuibwa, vijana wakafuata nyayo mpaka mtoni, kumbe ng'ombe wamelala katika zizi la mkubwa wa walinzi. Nani angekwenda kupekua kwake?

"Nyumbani nani anakohoa?" Dakta aliuliza.

"Hakuna," mama mkwe alidakia. "Mimi nakohoaga, lakini ni tumbaku."

Nilitazama sakafu. Mkwe hasemwi mbele ya mgeni, hata mgeni mwenyewe akiwa dakta.

Dakta alitaka Wegesa aanze sindano na vidonge mara moja, alishwe vizuri, asirudi kijijini. Mama mkwe alinigeukia. "Hii mtoto mnamtibu ugonjwa gani, wakati mkono umeshasema?"

"Mama, mimi sirudi," nilisema.

"Sawa. Siku ukirudi, usishangae kukuta jiko lina mwenyewe."

Akaondoka bila kuaga.

Tulikaa Kigera, papo hapo mjini, kwa mdogo wangu Pelagia. Nilimpa Wegesa mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, uji wenye dagaa wa kutwanga, kila kilichopatikana. Sindano ilimliza kila asubuhi, nami ikaniliza. Mniko hakuleta neno. Niliogopa sana kwamba nimevunja nyumba yangu kwa ajili ya ugonjwa ambao hata kipimo kimeukana.

Wiki zikapita, mashavu ya mtoto yakarudi. Siku moja mama mkwe akatokea na kibuyu cha maziwa. Alimsalimu mtoto, mimi akaniruka kama kizingiti. Kibuyu lakini aliniachia mimi.

Dakta akarudia kile kipimo, na mama mkwe akafuatana nasi kuona majibu. Safari hii mkono wa Wegesa ulivimba, mwekundu, mgumu.

"Mmeona?" mama mkwe alisema. "Alikuja hapa mkono safi. Ugonjwa mmempa nyinyi."

Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya furaha. Mwili wa mwanangu ulikuwa umepiga yowe hatimaye.

"Hatukumpa sisi, bibi," Dakta alisema taratibu. "Alikuja nao. Mtoto anaupata kwa mtu wa karibu anayekohoa."

Mama mkwe aligusa uvimbe kwa kidole gumba, polepole.

"Huyu alikuwa analalaga na mimi," alisema. "Toka alipoacha ziwa."

Hasira yangu yote, niliyoilea wiki zile, sikuiona ilikokwenda. Mama mkwe alikunja mkono wa gauni lake na kumnyooshea Dakta mkono, naye apimwe. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoujua, nami nikamshika kiwiko.