Waifai Haipiti Kwangu

Mwanangu Praygod alinifungia waifai nyumbani Machame, nitazame kwaya kwenye simu wakati nakamua ng'ombe. Sebuleni ilikuwa safi. Nikifika zizini, nyuma ya migomba, video inaganda, mwimbaji kaachama tu. Kilichoniuma zaidi ni jirani yangu Elisifa: waifai yake inashika mpaka zizini kwake, na hakuacha kunikumbusha.

Krismasi Praygod alipokuja, nilimkabidhi simu kabla hajamaliza shikamoo. Akaizima, akaiwasha. Akaifuta waifai, akaiunganisha upya. Wapi! Akajaribu simu yake mwenyewe; nayo ikagoma palepale. Basi akatembea taratibu kutoka mlangoni hadi zizini, akitazama alama ya mawimbi ikipungua kila alipopita mgomba.

"Mama, simu ni nzima. Ni migomba hii. Imejaa maji, inameza mawimbi. Tukate michache?"

"Ukate nini?" nikafoka. "Babu yako amelala kaburini katikati ya migomba hiyo! Naimwagia maji ya mfereji, naijaza samadi, halafu wewe uje na panga kwa ajili ya waifai?"

Lakini kuna kitu kilinigonga. "Mbona kwa Elisifa inapita?"

Praygod akachungulia juu ya ua wa mimea ya masale, akacheka. "Migomba yake imekonda hivyo, Mama, itazuia nini?"

Jumapili, tulipotoka ibadani, nilimshika Elisifa mkono mbele ya kina mama wote, nikasema kwa sauti: "Jirani, kwangu waifai haipiti kabisa! Njoo uone kwa nini."