Mitungi Mitupu ya Dada Laurensia

Bosi wangu anaitwa Laurensia, na kama kuna mtu Kibaha nzima anayejua kuweka akiba, ni yeye. Chumvi ananunua kwa gunia. Mishumaa anayo tangu enzi za mgawo wa umeme. Nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Karakana yetu iko Pangani, hii ya Kibaha, siyo ile ya Tanga. Tunatengeneza matanki ya stenlesi: ya maziwa, ya juisi, ya kuoshea mihogo. Stenlesi haiungwi hivihivi. Unapochomelea, lazima gesi ya agoni imwagike juu ya mshono kuukinga na hewa, la sivyo mshono unatoka mweusi, una matundu, na mwenye tanki anakurudishia mzigo wako pamoja na matusi.

Zamani agoni ulikuwa unapiga simu asubuhi, jioni unaletewa. Siku hizi viwanda vimeota kila kona ya mkoa, na vingi vinaitaka gesi hiyohiyo. Msambazaji anatuambia tukae foleni, na foleni yenyewe haisogei. Khalfani, mwenye karakana ya jirani, ndiye aliyekuja na wazo: wenye karakana tukae pamoja, kila mmoja aseme mapema ana kazi gani mbele, tuagize kwa pamoja na tuwe na stoo moja ya mitungi ya dharura. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akamnywesha chai, kisha akamjibu kwamba ushirika ni wa korosho.

"Akiba haiozi, Swaumu," aliniambia mgeni alipoondoka. Haikupita wiki akapata mitungi minne, kwa njia anazozijua mwenyewe.

Tatizo likawa pa kuiweka. Macho hayana pazia. Kwetu sisi mafundi, mtungi ukionekana umeshaombwa, na ukimnyima jirani kitu anachokiona kwa macho yake, utasemwa mpaka ufunge karakana. Kwa hiyo bosi aliipakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukaipeleka Masaki, kule Kisarawe, nyumbani kwa baba yangu, Mzee Mwinyimadi. Tukaiingiza kwenye stoo yake ya korosho. Baba akauliza ni nini.

"Mitungi mitupu tu, mzee wangu," bosi alimjibu. "Inasubiri kurudishwa."

Nilicheka moyoni. Nikasema huyu mama kamweza mwombaji kabla hajabisha hodi.

Jumanne iliyopita Khalfani alikuja karakana, amechoka uso mzima. Gesi ilikuwa imemwishia katikati ya kazi.

"Dada, niazime hata mmoja," alimwambia bosi. "Tanki langu limebaki mshono wa chini tu."

"Ningekuwa nao ningekunyima wewe?" Bosi alijishika kifua kwa uchungu, mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kumwamini. "Ninao huu mmoja tu ninaoutumia, na wenyewe unapumua kwa shida."

Hapo simu yangu ikaita. Ni baba. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaibonyeza kwa kiwiko nikaweka spika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Bosi wako hajambo?" Nyuma yake kulikuwa na grenda, mashine ya kukatia chuma, inalia. "Mshukuru sana. Wale watu wa chuma chakavu wametuibia ringi ya gari iliyokuwa kengele ya shule. Basi kamati ya shule tumeamua tuchukue mtungi mmoja katika ile mitupu yenu. Sadick yuko hapa anaukata. Ukining'inizwa huu, utasikika mpaka kijiji cha Kurui!"

Sadick ni mdogo wangu.

Mtungi wa agoni uliojaa umeshindiliwa gesi kupita tairi lolote la lori. Ukiupitishia grenda haungoji ukatike, unapasuka, na vipande vyake havichagui wa kumpiga. Fundi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Nilimgeukia bosi nikisubiri apige kelele. Yeye akamtazama Khalfani.

Nasema alimtazama Khalfani! Kisha akaisogelea simu.

"Mzee, mwambie asiukate kwanza. Ile... ile ni mitungi ya watu."

"Aa, usiwe na wasiwasi, mama. Mtungi mtupu nitakutafutia mwingine."

Sikuamini masikio yangu. Mdogo wangu anachezea kifo, na huyu mwanamke anaona aibu. Anaona aibu! Nikaikamata simu na grisi yangu hiyohiyo.

"Baba! Imejaa! Mitungi imejaa!"

"Nini? Grenda inapiga kelele, mwanangu. Ngoja nisogee pembeni."

Alikuwa anasogea mbali na Sadick.

Khalfani alishasimama. Hakumtazama bosi hata kidogo. "Kata simu. Mpigie Sadick mwenyewe. Mlio hatausikia, lakini simu ikimtetemekea mfukoni ataacha."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, namtaja Mungu kwa sauti.

"Oya sista, niko kazini," Sadick alipokea.

"Usiwashe tena grenda! Mtungi umejaa gesi!"

"Acha utani. Si mitupu hii? Nimeshamaliza diski mbili, chuma chenyewe kigumu kishenzi, lakini nimeshazama..."

"Sadick, umejaa! Toka hapo!"

Sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Ngoja kwanza niwashushe watoto."

"Watoto gani?"

"Wa shule. Mtungi ulikuwa unabingirika, nikawaambia waukalie."

Nilikaa chini sakafuni. Khalfani aliichukua simu mkononi mwangu akamwelekeza Sadick polepole: watu wote waondoke mbali, mtungi usiguswe, usisogezwe, koki isifunguliwe, mpaka watu wa gesi waje wenyewe. Sadick alikuwa anaitikia "ndiyo, kaka" kila baada ya neno. Kwa mbali tuliwasikia watoto wanakimbia huku wanacheka, wakidhani ni mchezo.

Kisha Khalfani akamnyooshea bosi simu. "Mwambie na ile mitungi mingine mitatu."

Laurensia aliipokea kwa mikono miwili. "Sadick, ni mimi, Laurensia. Yote imejaa. Nilimdanganya baba yako."

Aliirudisha simu, akamgeukia Khalfani.

"Ungeniambia tu hunipi, dada," Khalfani alisema. "Ningekasirika, nikaenda zangu, na kesho tungesalimiana."